Kiti Kikavu cha Ukumbini

Njia ya kwenda Ukumbini sitaieleza. Anayeitaka ataipata mwenyewe, na asiyeitaka nimempunguzia uchovu. Nimetembea nchi nyingi na nimeshaacha kushangaa; haya ninayasimulia kwa sababu niliahidi kuyasimulia, si kwa sababu nina hamu.

Ukumbini ni nchi iliyo chini ya paa moja. Haina mito wala milima. Ina meza, viti, madirisha upande wa magharibi, nguzo katikati na mlango mmoja upande wa mashariki. Wakazi wake hawaitwi raia, wanaitwa wanachama, na kila mmoja hulipa ada ili apate mahali pa kukaa na kufanya kazi yake. Wapo wanaochora nyumba, wanaoandikia watu barua, wanaotunza hesabu za wafanyabiashara wa mbali. Anayelipa sana hukaa dirishani. Anayelipa kiasi hukaa nguzoni. Anayelipa kidogo hukaa mlangoni, kwenye viti vya kupokezana, ambako mtu akienda msalani akirudi anakuta mwenzake keshakaa, na sheria iko upande wa aliyekaa.

Juu ya mlango pamechongwa maneno haya: KAHAWA HAINA BEI. Hiyo ndiyo ibara ya kwanza ya Katiba yao. Ibara nyingine sikukuta mtu anayezikumbuka.

Nilipokelewa na Bwana Hemedi, Msimamizi Mkuu wa Birika, mtu wa makamo, mrefu, mwenye kanzu safi na macho mekundu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba kikombe alichoshika kiligonga kisahani muda wote tuliozungumza. Alinipa kikombe hicho kabla hajaniuliza jina.

"Karibu, mgeni. Kunywa."

"Ahsante sana, bwana. Lakini nimetoka kunywa chai njiani."

"Kahawa ni bure."

"Nimesoma pale mlangoni. Ila sina hamu nayo kwa sasa."

Alinitazama kwa huruma, akakiweka kikombe mbele yangu. "Hapa hatunywi kwa hamu, bwana. Tunarudisha."

Ilinichukua muda kuelewa, nami nitaeleza kwa kifupi. Kwa kuwa kahawa haina bei, haiwezi kuuzwa. Lakini wakulima wa huko milimani inakotoka hawajapata kuisikia Katiba ya Ukumbini, na wanataka kulipwa. Basi gharama ya kahawa ilitiwa ndani ya ada, kimyakimya. Wanachama nao si wajinga; walijua iliko, na kila mmoja akaapa kuirudisha fedha yake kwa njia ya kikombe. Kengele hupigwa asubuhi, mchana na alasiri, na watu wote huinuka kwenda kurudisha. Hata salamu yao ni hiyo. Mtu humuuliza mwenziwe, "Umerudisha?" na mwenziwe hujibu, "Narudisha taratibu, namshukuru Mungu." Anayebakiza kahawa kikombeni husemwa nyuma ya mgongo kwamba anajifanya tajiri.

Kahawa yenyewe si moja. Maji ya kwanza huenda dirishani, ya pili nguzoni. Machicha yakishachemshwa mara ya tatu, yale maji ya rangi ya udongo hupelekwa mlangoni. Nilimuuliza Bwana Hemedi kama hiyo ni haki. Alisema ni haki kabisa, maana zote tatu ni bure.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Ukumbini hawalali. Nilikuta magodoro yamerundikwa nyuma ya nguzo, yana vumbi, na watoto wanayachezea bila kujua ni ya nini. Watu wamechoka uchovu ambao sijauona pengine popote, uchovu wa mtu aliye macho. Hesabu inayoandikwa asubuhi hukosewa kwa sababu ya mtetemo, mchana husahihishwa, alasiri lile sahihisho husahihishwa tena, na kazi hiyo ya kusahihisha huwachosha kiasi cha kuhitaji kikombe kingine. Siku zangu za mwanzo niliwacheka. Baadaye, nilipoanza kuusikia moyo wangu masikioni na kope zikakataa kufumba, niliacha kuwacheka.

Mtu mmoja tu katika nchi ile alikuwa na mkono uliotulia. Alikuwa Bi Somoe, mama mtu mzima, mchoraji wa pindo za kanga. Alikaa nguzoni, kwenye meza ya mvule kubwa kuliko zote, na kalamu yake ilikwenda kwenye karatasi bila kusita. Mganga alikuwa amemkataza kahawa kwa ajili ya moyo. Kengele ilipolia yeye alibaki amekaa peke yake, viti vyote vikiwa vitupu, akaendelea kuchora.

Bwana Hemedi alipopita alisimama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Bado, bibi."

"Haya."

Nilisikia mazungumzo hayo kila siku, kwa maneno yale yale. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali hilo Ukumbini. Wengine waliona ni swali la kizamani, kama kumuuliza mtu habari za ng'ombe wakati hana ng'ombe.

Siku moja nilimuuliza Bi Somoe kwa nini meza yake ni kubwa kupita mlango. Nilikuwa nimeupima kwa macho na kuona haiwezekani kuwa ilipitia pale.

"Haikupita," alisema, huku akimalizia jani la mkorosho pembeni mwa pindo. "Meza ilikuwepo kabla ya ukuta. Hapa palikuwa uwanja mtupu, mimi na meza yangu. Wakaja majirani, mmoja na kiti chake, mwingine na mkeka. Nilikuwa na birika langu la kahawa, tukawa tunakunywa tukifanya kazi. Siku moja jirani akanitolea sarafu. Nikamwambia, weka mfukoni, kahawa haina bei, kaa tufanye kazi."

"Maneno yaliyo mlangoni?"

"Ndiyo. Nilikuwa namwambia yule jirani tu. Sikujua kama mtu anaandika."

Hakulisema hilo kwa uchungu. Mimi nilisikia uchungu kwa niaba yake, na sikupenda, maana msafiri akianza kusikia uchungu wa wenyeji safari inamwia nzito.

Wakati huo ada ilikuwa inakaribia kupandishwa. Hupandishwa kila mwaka, na kila mwaka kuna watu wanaoshindwa na kutolewa nje. Na kwa kuwa waliobaki ni wachache, lazima wachangie zaidi, na kwa hiyo ada hupanda tena. Ili waliobaki wasinung'unike, Baraza la Ada huagiza kahawa bora zaidi kutoka mlima wa mbali zaidi. Nilimwambia Bwana Hemedi kwamba naona kama hapo pana kasoro ndogo. Alisema wameshaunda kamati tatu kuichunguza kasoro hiyo, na wajumbe wa kamati zote wanapata kahawa ya maji ya kwanza.

Bi Somoe alijua kwamba safari hii hataiweza. Pindo za kanga hazijapanda bei. Aliondoka mezani pake, jambo alilolifanya kwa nadra, akaenda mbele ya Baraza na ombi lake. Lilikuwa ombi fupi. Aliomba aruhusiwe kukaa bila kahawa, na alipishwe ada ya kiti peke yake. Alikiita kiti kikavu.

Nilihudhuria mjadala ule. Wajumbe walikaa kwa duara, vikombe mikononi, na chumba kizima kililia kwa visahani. Kwa sheria yao ya zamani, kahawa haitajwi katika mjadala wa ada, kwa kuwa kitu kisicho na bei hakiwezi kuwa sababu ya bei. Inapobidi wanasema "lile jambo".

Mjumbe wa dirishani, bwana mnene aliyevaa miwani, alianza. "Waheshimiwa, tumheshimu mama yetu. Lakini tufikirie. Tukimpunguzia ada kwa sababu hanywi lile jambo, kile tulichopunguza ni nini?"

Alipiga funda moja la kahawa.

"Ni bei ya lile jambo," aliendelea. "Mtoto yeyote akitoa hesabu ataipata. Na lile jambo halina bei. Kwa hiyo tofauti ya kiti kikavu na kiti cha kawaida ni sifuri. Kwa hiyo mama yetu anaomba apunguziwe sifuri. Mimi sina kipingamizi, apunguziwe."

Walimpigia makofi, wakaunguza vidole.

Bi Somoe alisimama. "Wanangu, mimi siombi hesabu. Ninachoomba ni mahali pa kukaa. Hamnipi kahawa, siinywi. Hicho ninachokilipia ni nini?"

"Unalipia ukarimu, mama," alisema mjumbe wa nguzoni, kwa upole wa kweli. "Kahawa ipo pale, ni yako, hakuna anayekuzuia. Kama huinywi, ni wewe unayeukataa ukarimu wetu. Sisi tumeumia, lakini hatukulaumu."

Nilimtazama Bwana Hemedi. Alikuwa amesimama na birika lake kando ya ukuta, ameinamisha kichwa. Nilidhani anasinzia, nikafurahi kwa ajili yake, lakini alikuwa anatazama viatu vyake.

Mjadala uliendelea mpaka kengele ya mchana, ukakatizwa ili watu warudishe, kisha ukaendelea kwa ukali zaidi. Mwishowe mjumbe wa mlangoni, kijana mwenye sauti ya kukwaruza, alitoa pendekezo la suluhu. Alisema kiti kikavu kikubaliwe kwa heshima ya mama. Lakini kiti cha namna hiyo kinahitaji ulinzi, maana nani atajua kama aliyekilipia hanywi kwa siri? Itabidi awepo msimamizi wa kukikagua, kamba ya kukizungushia, na beji. Vitu hivyo vina gharama. Kwa hiyo kiti kikavu kiwepo, na ada yake iwe juu ya ada ya dirishani.

Walilipitisha kwa kauli moja. Walikumbatiana. Wengine walimwendea Bi Somoe wakampa mkono wa pongezi, kwamba ombi lake limekubaliwa, naye akaupokea mkono wa kila mmoja kwa adabu. Mimi nimeona mabaraza mengi yakifanya mabaya kwa makusudi, na hayo huwa naweza kuyavumilia. Lile lilinichosha kwa sababu halikuwa na mtu mbaya ndani yake.

Jioni ile ile watu wa dirishani walianza kununua viti vikavu. Vilikuwa ghali, na vina kamba na beji, basi wakavitaka. Walikaa ndani ya kamba wakiwa wamevaa beji zao, na kengele ilipolia walitoka mmoja mmoja kwenda kunywa nyuma ya magodoro. Ilibidi waajiriwe wasimamizi zaidi, na ada ya wote ikapanda kulipia mishahara yao.

Bi Somoe alikunja karatasi zake na kalamu. Meza haikuweza kutoka, ukuta ulikuwa umekwisha kuizunguka miaka mingi. Alipitisha kiganja juu yake mara moja, kama mtu anayefuta vumbi, akaniomba nimshikie mkeka. Bwana Hemedi ndiye aliyefungua mlango, kwa kuwa hiyo nayo ni kazi yake.

"Nisamehe, bibi," alisema.

"Umelala?"

"Bado."

"Haya, mwanangu."

Nilitoka naye. Sikuwa nimefukuzwa, ila sikuona tena cha kuandika mle ndani, na moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Nje ya Ukumbini ni uwanja wa vumbi na jua. Kivuli kilichopo ni cha ukuta wa Ukumbini wenyewe, chini ya madirisha, na hapo nilikuta watu waliotolewa miaka iliyopita wamekaa wametawanyika, kila mmoja peke yake, wakiona haya kutazamana.

Bi Somoe alitandika mkeka, akapanga karatasi zake juu ya sanduku, akaanza kuchora. Siku iliyofuata aliazima jiko la mkaa na birika, akanunua kahawa kidogo kwa mkulima aliyekuwa anapita na mzigo wake, akaikaanga, akaitwanga, akaichemsha. Kisha alichukua ubao, akaandika kwa kipande cha mkaa: KUKAA BURE. Chini yake akaandika KAHAWA, na bei ya kikombe kimoja.

Nilisoma ubao ule, nikamtazama.

"Nimepanga chumba ng'ambo ya uwanja, kina kodi," alisema. "Na mkulima naye ana watoto. Anayetaka atalipa, asiyetaka atakaa."

Waliokuwa wametawanyika walisogea. Wengi hawakununua. Walikaa tu, wakafanya kazi zao, na wachache wakanunua kikombe, wakakinywa polepole kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau, wakipuliza na kuzungumza. Mimi nilinunua kimoja. Kilikuwa kitamu, na kimoja kilinitosha.

Madirishani kulikuwa na ghasia. Vichwa vilitokeza, vikasoma ubao, vikarudi ndani. Nilisikia mtu akisema, "Anaiuza," kwa sauti ya mtu aliyeona maiti. Mwingine alisema kwamba mwanzilishi ameitukana Katiba, na kwamba ubao uondolewe kabla watoto hawajausoma.

Wakamtuma Bwana Hemedi. Alitoka adhuhuri, akavuka vumbi kwa hatua za mtu anayetembea juu ya boti, kanzu yake imelowa jasho. Alisimama mbele ya ubao. Aliusoma kwa muda mrefu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Bado, bibi. Nimetumwa kuuondoa huu."

"Najua. Kaa kwanza, jua kali."

Akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukanyooka kuelekea birika. Bi Somoe aliutazama ule mkono, akamtajia bei ya kikombe.

Bwana Hemedi aliurudisha. Hakukasirika. Alikunja uso kama mtu aliyesikia neno la lugha ya utotoni mwake.

"Na nisipolipa?"

"Hutakunywa."

"Utaniambia niondoke?"

"Uondoke uende wapi? Kukaa ni bure. Nimeandika hapo."

Alitazama birika, akatazama ubao, akaingiza mkono mfukoni, na nikaona kwamba fedha anazo. Akabaki na mkono mfukoni.

"Bibi," alisema mwishowe, "tangu nipewe kazi hii hakuna aliyewahi kuniuliza kama naitaka kahawa."

"Mimi nakuuliza."

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri, kama vile swali lile lina mlima wa kupanda.

"Siitaki," alisema. "Siipendi hata harufu yake. Sijawahi kuipenda."

"Basi usinywe. Hakuna neno."

Akautoa mkono mfukoni mtupu. Alitaka kusema jambo jingine, nadhani juu ya ubao, lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kuegemea ukuta. Kikateleza, bega likafuata, na Msimamizi Mkuu wa Birika akalala kwenye mkeka miguu ikiwa nje vumbini. Mikono yake ilitetemeka kwa muda kidogo, kisha ikatulia. Mle ndani kengele ya mchana ililia, viti vikakokotwa, watu wakainuka kurudisha. Yeye hakufumbua jicho.

Jua lilikuwa limeanza kukila kivuli cha ukuta na lilimfikia usoni. Bi Somoe alilihamisha birika mbali ili mfuniko usipige kelele. Kisha akauchukua ule ubao, akauegemeza kwenye sanduku, akausogeza kidogo kidogo mpaka kivuli chake kikamfunika yule bwana macho na paji la uso.

Dirisha moja lilifunguliwa juu yetu. Sauti ilituuliza kama Bwana Hemedi amefika, na kama ubao umeondolewa.

"Sema polepole," Bi Somoe alijibu, bila kuinua kalamu. "Amefika. Ila ubao una kazi kidogo, waambie wasubiri."